Leteni Miwani ya Zamani

Himo, Jumanne, 9 Julai 2024

Baridi ya mlimani imeshuka mpaka huku chini na wagonjwa wamepungua. Nimepata nafasi ya kukaa na mgonjwa mmoja bila foleni kunichungulia mlangoni.

Ni kijana wa kidato cha nne, kwao Kirua Vunjo. Mama yake anauza ndizi soko la Mwika. Kijana aliamkia, akanyamaza. Mama ndiye mwenye maneno. "Huyu miwani haimkai, daktari. Tunanunua, mwaka hauishi, haoni tena."

Jicho la kulia anasoma 6/9. La kushoto 6/36, na akivaa miwani yake anaongeza mstari mmoja tu. Nikamshikisha kadi yenye kitundu: akateremka nayo mpaka 6/12. Hapo nikaweka kalamu chini. Jicho lililoharibika kwa nyuma halisaidiwi na kitundu. Likisaidiwa, tatizo liko njiani, mwanga unapopita. Na kitundu kikiishinda hata lenzi niliyompimia mwenyewe sasa hivi, basi huko mbele pamepinda kwa namna ambayo lenzi ya dukani haiwezi kuinyoosha.

Nikazima taa, nikachukua retinoskopi. Kulia mwanga ulinifuata bila matata. Kushoto uligawanyika vipande viwili, vikawa vinafunguka na kufunga kila nilipousogeza mkono. Darasani tuliuita mkasi. Nilipokuwa mwanafunzi niliujua miaka kabla ya kuuona, na siku nilipouona sikuhitaji kuambiwa.

Keratomita, mashine ya kupima mkunjo wa konea: kulia 43.50 na 44.50. Kushoto 49.25 na 53, tena vile viduara vyake vimevutika kuelekea chini, nimekisia zaidi kuliko kusoma. Konea ya watu wengi iko kwenye daiopta 43 hivi. Ikivuka 47, mpimaji aanze maswali.

Nikamwambia mama: kioo cha mbele ya jicho, konea, kimelegea na kuwa chembamba sehemu ya chini ya katikati. Msukumo wa kawaida ulio ndani ya jicho unakitokeza nje kwa umbo la pia. Ugonjwa huu unaitwa keratokonasi. Akauliza: ndiyo mtoto wa jicho? Siyo. Presha ya macho? Siyo. "Sasa mbona hatujawahi kuusikia?" Nikasema kwa sababu hauumi, hauleti wekundu, na mgonjwa anapewa miwani nyingine anakwenda zake.

Nimemwandikia rufaa hospitali ya KCMC kwa daktari bingwa. Na nimemwomba mama kabla ya hapo anirudie na miwani yote ya zamani ya mtoto, hata iliyovunjika, pamoja na madaftari ya hospitali. Aliniangalia kama nimetaka kuyanunua.

Jumapili, 14 Julai

Nimekaa baada ya ibada. Jumanne ile kijana aliniambia jambo mama alipotoka kupokea simu: usiku, akifumba jicho la kulia, mwezi unaonekana zaidi ya mmoja, umepandana. Alipomweleza mwalimu wa zamu aliambiwa aache utani.

Nikamkumbuka Johannes Rebmann, mmisionari aliyeiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, Mei 1848. Habari zilipofika Ulaya, mwanajiografia Desborough Cooley na wenzake kule London walibisha: theluji karibu na ikweta? Huyo macho yake yamemdanganya. Theluji ilikuwepo. Na Rebmann huyo aliporudi Ujerumani mwaka 1875 alikuwa kipofu kweli. Sisemi alikuwa na konea mbovu. Nasema tu kwamba mtu anayekueleza anachokiona amekupa kipimo cha kwanza, na ni cha bure. Mwezi uliopandana kwa jicho moja ni dalili inayojulikana. Angeulizwa akiwa kidato cha pili, tungekuwa mbali.

Jumatano, 17 Julai

Mama amekuja, kikapu mkononi, ndizi juu na miwani chini, imefungwa kwenye kitenge. Jozi tatu ukiacha ile ya usoni. Moja haina mkono, nyingine imefungwa waya pembeni. Madaftari: la kwanza limeloa mvua, kurasa zimeshikana, la pili limepotea katika kuhama chumba.

Huu ndio msiba wa kazi yetu huku. Keratokonasi haijionyeshi yote siku moja. Swali kubwa kwa kijana wa miaka 17 ni kama konea inaendelea kutokeza au imetulia, na hilo hulijui mpaka uwe na vipimo vya tarehe mbili. Sisi kumbukumbu za mgonjwa tumezikabidhi kwa mgonjwa mwenyewe, katika daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Likipotea, historia ya jicho imeanza upya.

Lakini lenzi haifutiki. Nikaiweka ile jozi ya kwanza kwenye mashine ya kusomea miwani. Kushoto: silinda, yaani nguvu ya kunyoosha mpindo, 1.25; mhimili, yaani mwelekeo wake, 175. Ya pili: 2.50, mhimili 25. Ya tatu: 4.00, mhimili 40. Lenzi za kulia zimebaki palepale, nusu daiopta, nusu, robo tatu. Jicho moja limetulia, jingine linakimbia huku mhimili ukizunguka. Astigmatizimu ya kuzaliwa nayo haina tabia hiyo kwa mtoto wa umri huu.

Tarehe hazikuandikwa popote, ila mama anazo kichwani. Hii alinunuliwa alipoingia kidato cha kwanza, kwa hiyo mwanzo wa 2021. Hii ni mwaka wa msiba wa babu yake, tulipokuwa tunajenga kaburi, ndiyo 2022. Hii ya waya ni Krismasi ya juzi. Nikaandika pembeni ya kila namba. Kumbe kijana amefuatiliwa miaka yote hiyo na mafundi wa miwani bila mmoja wao kujua kwamba anafuatilia chochote, maana kila duka liliona jozi yake tu.

Ushahidi wa namna hii una kasoro zake. Fundi akikosea kukata mhimili, mimi nasoma kosa lake. Na mtu akiwa na lenzi isiyomfaa tangu mwanzo, nalinganisha ovyo na ovyo. Hata hivyo jozi tatu zikielekea upande mmoja, siwezi kusema zote zimekosewa kwa mpango.

Nimezinakili namba zote kwenye barua ya rufaa. Bingwa akizipuuza shauri lake; mimi ningekuwa yeye ningeanza nazo.

Alhamisi, 1 Agosti

Upepo, na vumbi la njia panda. Kutwa ni macho ya kuwasha. Watoto wa kiume ndio wengi, weupe wa macho umeingia rangi ya kahawia, ukiigeuza kope ya juu unakuta vinundu, na kuna utelezi unaovutika kama uzi. Aleji hii ya macho inapenda nchi zenye joto na vumbi. Rwanda walipowachunguza watoto wa shule, karibu 4 katika kila 100 walikuwa nayo, na waliokaa sehemu za joto na ukame walizidi. Hapa sihitaji utafiti kujua kwamba Himo inanipa wengi kuliko Marangu juu kwenye migomba.

Kijana wa Kirua naye alikuwa nayo tangu darasa la kwanza. Nilimwangalia siku ile alipokuwa benchi, hajui kama namtazama: kifundo cha kidole cha shahada ndani ya jicho la kushoto, kinazungushwa, kinakandamizwa, kisha anavuta pumzi ya raha. Kushoto zaidi ya kulia. Anashika kalamu kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto hauna kazi darasani. Kama kufikicha peke yake kunatosha kuleta ugonjwa, wataalamu wanabishana, maana kuna mambo ya kurithi pia. Kwamba kunauharakisha, sijasikia wa kubisha. Konea ni kama nusu milimita tu katikati, maikromita 540 hivi, na iliyolegea ni chini ya hapo. Hicho ndicho anachokikandamiza kwa kifundo.

Nimempa matone ya aleji yasiyo na steroidi, na kitambaa cha maji baridi muwasho ukizidi. Mama akatoa kichupa mkobani: matone yenye steroidi, kayanunua duka la dawa bila cheti, kila muwasho ukirudi anaongeza. Yanatuliza kweli, na ndiyo hatari yake. Yakitumika hivyo miezi na miaka yanapandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho kwa mtoto wa mtu. Nilipima presha: 15 kulia, 13 kushoto, ingawa konea nyembamba hufanya mashine isome chini ya ukweli, kwa hiyo ile 13 siifurahii sana. Kichupa nimebaki nacho.

Jumatano, 21 Agosti

Wamerudi na picha ya konea. Mama kaikunja mara nne, nikainyoosha mezani.

Kushoto: mkunjo mkali kuliko wote ni daiopta 56.2, palipo pembamba zaidi ni maikromita 446. Kulia: 45.8 na 498, na kuna wekundu kidogo upande wa chini. Kwa hiyo na la kulia limeguswa, ila keratomita yangu haikuliona. Si ajabu. Keratomita inapima katikati tu, kama milimita 3, nayo ni uso wa mbele peke yake. Mashine iliyopiga picha hii inachukua konea nzima, na inasoma pia uso wa nyuma, ambako mabadiliko mara nyingi hutangulia.

Kijana kaziangalia zile rangi akasema, "Hii ni kontua." Anasoma jiografia, nikafurahi. Nikamwambia karibu, lakini siyo. Kwenye ramani ya mlima rangi inakueleza mahali pameinuka kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Kwenye picha hii nyekundu haisemi hapa ni juu; inasema hapa pamejikunja sana, na buluu pamejikunja kidogo. Ukikisoma kilele cha Kibo kwa mashine hii, usawa ule mpana wa juu ungekuwa buluu licha ya mita zake 5,895. Akafikiri, akauliza kama kuna picha ya urefu pia. Ipo, ukurasa huohuo, kona ya chini. Tukaitazama pamoja mpaka mama akasema Hiace zitaisha.

Umbo hili la konea John Nottingham aliliandikia kitabu kizima Liverpool mwaka 1854, wakati hana chochote cha kulipimia ila macho yake. António Plácido wa Ureno akaja mwaka 1880 na sahani yenye miduara myeusi na myeupe na tundu katikati: unachungulia kwenye tundu, unaona miduara inavyoakisiwa juu ya jicho. Ikiwa duara, salama. Ikibanana na kupinda upande mmoja, hapo ndipo penye pia. Mashine nyingi za leo za kupima konea bado ni watoto wa sahani ile, zimeongezewa kompyuta.

Daktari ameandika: arudi baada ya miezi mitatu mpaka minne, picha irudiwe. Mama kaona ni kuzungushwa. "Si ameshaonekana ana ugonjwa? Wamtibu." Nikamweleza tena. Tiba ya kuuzuia ugonjwa usiendelee ipo; ilitoka Dresden, Ujerumani, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003. Ngozi ya juu ya konea inaondolewa, jicho linadondoshewa vitamini B2 kwa nusu saa, kisha linamulikwa miale ya urujuanimno nusu saa nyingine, nyuzi za konea zinashikamana zaidi. Lakini inasimamisha, hairudishi. Na kwa mtu ambaye konea yake imeshatulia yenyewe, kama wengi inavyowatokea wakiwa wamevuka miaka 30, unamtia maumivu na hatari ya vijidudu bila faida. Lazima ijulikane inakwenda.

Kwa huyu mimi sina shaka inakwenda, miwani imeshasema. Ningekuwa na sauti ningeomba wasisubiri yote hiyo. Njia ile ya Dresden inataka konea isipungue maikromita 400 ili miale isiunguze seli za ndani. Kutoka 446 hadi 400 si mbali. Nimempigia daktari simu. Amesikiliza, amesema sawa, miezi mitatu kamili, si minne. Nami nimekubali.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku ya Kuona Duniani. Tumepima shule moja ya msingi, karibu wote wazima, asubuhi nzima imeisha kwa kelele na pipi.

Nilikwenda na sahani yangu ya Plácido: kadibodi ya boksi la sabuni, miduara ya wino mweusi kwa bikari, tundu katikati. Inagharimu wino tu. Haiwezi kukuonyesha ugonjwa mchanga, huo unajificha. Ila mtoto mwenye pia kubwa hakupiti. Mwalimu mmoja kaomba kuangaliwa yeye badala ya watoto. Macho yake mazima, anahitaji miwani ya kusomea.

Jumamosi, 23 Novemba

Ugomvi mdogo. Mjomba wa kijana yuko Nairobi, kajitolea kulipia picha ya pili hukohuko mtihani wa kidato cha nne ukiisha, na kijana atavuka tu mpaka wa Holili kwa basi, akapumzike. Wema mtupu. Nimekataa.

Mama kaudhika, na ana haki: bure imekuja, mimi naisukuma. Lakini mashine mbili za aina tofauti zikipima konea moja siku moja haziachi namba moja. Tofauti ya daiopta moja au ya maikromita 15 inaweza kuwa ni mashine tu. Na daiopta moja ndiyo tunayoitafuta. Kijana akipimwa Nairobi, nitakuwa na picha mbili nzuri zisizosemezana. Aende Nairobi akitaka kupumzika. Picha ipigwe mashine ileile ya Agosti, asubuhi, bila kufikicha.

Mjomba amepiga simu mwenyewe. Mtu wa hesabu, ameelewa haraka kuliko sisi wote. Fedha anatuma.

Jumanne, 10 Desemba

Kushoto 58.0, unene 433. Kulia 45.9 na 497, yaani hakuna kitu.

Makubaliano ya mabingwa ya mwaka 2015 yanataka dalili mbili kati ya tatu ili isemwe ugonjwa unaendelea: uso wa mbele kuzidi kujikunja, wa nyuma kuzidi kujikunja, au konea kuzidi kuwa nyembamba. Kushoto zimejibu zote tatu. Hakuna mjadala tena, amepangiwa Januari.

Mama kamleta na mdogo wake, darasa la sita, maana nilisisitiza ndugu wapimwe. Retinoskopi safi, miduara safi, aleji anayo. Huyu ndiye nitamsumbua. Nimemfunga kidole cha shahada plasta ya rangi ili akumbuke. Kacheka, nadhani ataivua njiani.

Wameuliza habari ya lenzi ngumu, zile za kuvaa jichoni. Zinafanya kazi nzuri kuliko miwani, kwa sababu machozi yanajaza bonde na mlima chini yake na mwanga unakutana na uso laini. Ila hazizuii ugonjwa, na nitazizungumza baada ya tiba, si sasa. Kwanza ni vumbi hili. Pili maji: lenzi haioshwi kwa maji ya bomba wala ya mfongo, yaani mfereji wa shambani, hata yakiwa maangavu kiasi gani, kuna kijidudu humo kinachokula konea. Tatu, kila atakapokuja kupigwa picha itabidi awe ameziacha wiki mbili au zaidi, maana zinaibonyeza konea na kudanganya kipimo. Mtu wa namna hiyo nataka awe ameshazoea kutunza miadi.

Alhamisi, 20 Februari 2025

Mama amenipigia simu akilia. Mwezi umepita tangu tiba, kijana anaona ukungu kuliko zamani, na jirani kamwambia wamemharibia mtoto.

Nikawaita. Jicho jeupe, halina kidonda, ngozi imefunika vizuri. Konea ina utando mwepesi kama nilivyotegemea. Huo hutokea sana na hufifia ndani ya miezi. Nikamkalisha mama kwenye darubini naye akachungulia, nikamwonyesha palipo na ukungu na palipo safi. Akatulia alipoona, si aliposikia.

Mjomba alishataka kulipia picha nyingine haraka. Nimesema asilipe. Picha ya mwezi mmoja mara nyingi inatoka mbaya kuliko ya kabla ya tiba, mkunjo unaonekana umezidi, kisha unashuka taratibu. Ukiiangalia mapema unajitia hofu ya bure. Ya kuamulia ni ya Julai, kwa jicho la kushoto.

La kulia halikutibiwa na bado lina wekundu wake kidogo upande wa chini. Hilo picha yake ni Aprili, kabla ya Pasaka. Kijana amepata daraja la pili na anasubiri kupangiwa kidato cha tano, pengine mkoa mwingine kabisa, kwa hiyo leo nimenakili namba zote, za miwani na za picha, karatasi tatu: moja yake, moja ya mama, moja imebaki kwenye faili langu. Karatasi yake nimeipitisha kwenye plastiki ya vitambulisho hapo stendi.